Neno la Kweli Lisemwe Mapema: Somo Juu ya Kuwapasha Watu Habari na Kufanya Kazi na Magazeti

Wasomaji wetu wengi ni watu wanaowatumikia wenzao: machifu na wasaidizi wao, walimu, makarani wa vyama vya ushirika, wazee wa kanisa na wa msikiti. Watu wa namna hii hupatwa mara kwa mara na jambo lililo gumu kuliko kutunza hesabu au kuamua mashauri. Jambo lenyewe ni hili: tukio baya limetokea, watu wanataka kulijua, na mwandishi wa gazeti amekwisha fika mlangoni. Je, aambiwe nini? Tena aambiwe na nani, na lini?

Kazi ya kuwaeleza watu mambo ya serikali, ya chama au ya kampuni, na kuyapokea wasemayo watu, huitwa uhusiano wa umma. Wengi hudhani ni kazi ya kusifu wakubwa na kufunika makosa yao. Tutaona katika somo hili kwamba waliofanya hivyo walijiharibia wenyewe, na kwamba mtu mmoja aliyeianza kazi hii vizuri aliangushwa siku alipoacha kuifuata kanuni yake mwenyewe.

UVUMI HAUPENDI NYUMBA YENYE TAA

Kwanza tutazame kwetu. Zamani za ukoloni palikuwa na uvumi mkubwa katika Afrika Mashariki juu ya watu waitwao mumiani. Ilisemwa kwamba huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Huko Kenya na Uganda watu hao waliitwa pia wazimamoto, kwa kuwa walidhaniwa kuwa ndio wale askari wa kuzima moto, wenye magari yao mekundu. Watu waliona magari, waliona nguo za kazi, waliona vyombo wasivyovijua. Lakini wengi hawakuelezwa vyombo hivyo ni vya kazi gani. Palipokosekana maelezo, hofu ilijieleza yenyewe. Na serikali ilipokanusha, wako waliosema, "Mbona wanakana sana, kama hapana neno?"

Hapa pana fundisho. Uvumi hauzaliwi na ujinga peke yake. Huzaliwa pia na ukimya wa wale wanaojua. Mtu aliyeachwa gizani hupapasa, na akigusa kamba hudhani ni nyoka. Wala uvumi hauondoki kwa sababu mkubwa amesema, "Si kweli," ikiwa mkubwa huyo hakuwahi kuwaeleza watu lililo kweli. Uvumi wa zamani ulikwenda kwa miguu kutoka soko hata soko; wa siku hizi hupita katika simu za mkononi, nao hufika kabla ya chai kupoa. Basi haja ya kusema mapema imezidi, wala haikupungua.

WENYE MACHIMBO WALIONYAMAZA

Sasa twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko mambo haya yalikotokea kwa namna iliyo wazi sana. Katika mwezi wa Mei, 1902, wachimbaji wa makaa ya mawe wapatao 147,000 katika jimbo la Pennsylvania waligoma. Walitaka nyongeza ya mshahara, saa chache za kazi, na chama chao kitambuliwe. Makaa yale ndiyo yaliyotumika kupasha moto nyumba za miji mikubwa, na siku za baridi zilikuwa zikikaribia.

Kiongozi wa wachimbaji, John Mitchell, aliwapokea waandishi wa magazeti, akawajibu maswali yao kwa adabu, akawapa hesabu walizotaka. Wenye machimbo hawakufanya hivyo. Mkubwa wao, George Baer, aliona kwamba mali ni yake na hana haja ya kumweleza mtu. Alimwandikia mtu mmoja barua akisema kwamba haki za wafanya kazi zitalindwa na Wakristo wale ambao Mungu amewakabidhi mali ya nchi, wala si na wachochezi. Barua ile ikaingia magazetini. Watu wengi walikasirika, na wahubiri pia walichukizwa kuona jina la Mungu likitumiwa kama kufuli la sanduku la fedha. Hata Rais Theodore Roosevelt alipowaita watu wa pande zote mbili mwezi wa Oktoba, wenye machimbo walikataa kusema na Mitchell uso kwa uso.

Mgomo ulikwisha mwezi ule ule wa Oktoba, shauri likapelekwa mbele ya tume, na mwaka 1903 wachimbaji walipata nyongeza ya sehemu 10 katika 100. Hatusemi kwamba walipata haki yao kwa sababu ya magazeti tu. Lakini ni hakika kwamba katika muda wa mgomo watu walisikia habari za upande mmoja, kwa kuwa upande wa pili ulifunga mlango. Mwenye kunyamaza barazani asilalamike kwamba kesi imesikilizwa bila yeye.

BWANA LEE NA KANUNI YAKE

Mwaka 1906 wenye machimbo waliogopa mgomo mwingine. Safari hii walimwajiri Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti katika mji wa New York, mtoto wa mhubiri wa kanisa la Methodisti. Bwana Lee alijua tabia za waandishi kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Aliwapelekea wahariri tangazo lenye maana kama hii: Ofisi yetu si ya siri. Kazi yetu yote hufanywa waziwazi. Tunaleta habari, hatuleti tangazo la biashara lililovishwa nguo za habari. Tunayosema ni sahihi, na mhariri akitaka kuyapima tutamsaidia kwa furaha.

Maneno hayo yaonekana mepesi leo, lakini wakati ule yalikuwa mageni. Desturi ya makampuni makubwa ilikuwa kuficha habari mbaya, na desturi ya makampuni ya reli hasa ilikuwa kuwafukuza waandishi mahali palipotokea ajali.

Kanuni ile ilijaribiwa upesi. Tarehe 28 Oktoba, 1906, gari la abiria la Kampuni ya Reli ya Pennsylvania, liendalo kwa umeme, lilitoka katika reli juu ya daraja karibu na mji wa Atlantic City, likatumbukia majini. Watu zaidi ya 50 walikufa. Bwana Lee alikuwa sasa akiifanyia kampuni hiyo kazi. Hakungoja waandishi waokote maneno ya njiani. Aliandika taarifa ya kampuni yenyewe, akaigawa kwa magazeti, na gazeti la New York Times likaichapa kama alivyoiandika. Walimu wa kazi hii huihesabu taarifa ile kuwa ya kwanza ya aina yake. Leo kila wizara, kila chama na kila kampuni hutoa taarifa kwa magazeti, na asili yake ni ajali ile ya Atlantic City.

Angalia vizuri alichofanya. Hakuwafufua wafu, wala hakuondoa lawama iliyoipasa kampuni. Alizuia lawama isiyowapasa isije ikapandwa juu ya ile iliyowapasa. Mzigo wa kweli ni mzito wa kutosha. Aufichaye huongezewa na mzigo wa uongo.

JINSI JINA LAKE LILIVYOCHAFUKA

Kama hadithi ingekwisha hapa, tungesema tumempata mwalimu. Lakini kuna sehemu ya pili, nayo yafundisha kuliko ya kwanza.

Mwaka 1913 wachimbaji wa makaa katika jimbo la Colorado waligoma. Waliondolewa katika nyumba za kampuni, wakakaa katika mahema pamoja na wake zao na watoto. Tarehe 20 Aprili, 1914, askari wa jimbo na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ya Ludlow, na mahema yakateketea. Wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema walikufa humo. Kampuni kubwa iliyohusika ilikuwa chini ya ukoo wa Rockefeller, matajiri waliojulikana dunia nzima, na hasira ya watu iliwaelekea.

Rockefeller mwana alimwajiri Bwana Lee. Naye akaandika karatasi nyingi za kueleza habari za mgomo, zikapelekwa kwa wahariri, wahubiri, walimu na wakubwa wa nchi. Lakini yaliyoandikwa humo aliyapata kutoka kwa wakubwa wa machimbo, na mengine hayakuwa kweli. Kwa mfano, mishahara ya viongozi wa chama cha wafanya kazi ilitajwa kuwa mikubwa mno kuliko ilivyokuwa. Tume ya serikali ilipomhoji mwaka 1915 kama alijaribu kuhakikisha mambo aliyoletewa, ilimbidi akiri kwamba hakuhakikisha.

Huyu ndiye aliyekuwa amewaambia wahariri miaka 9 nyuma kwamba ayasemayo ni sahihi, na kwamba atawasaidia kuyapima! Mwandishi Upton Sinclair alimpa jina la kumfedhehesha. Jina Ivy ni jina la mmea utambaao, na huko Marekani kuna mmea wa jina hilo wenye sumu ambao ukiugusa mwili huwasha, kama upupu wetu. Sinclair akamwita kwa jina la mmea ule wa sumu, na jina likamganda.

Haki yataka tuseme pia kwamba Bwana Lee alimpa tajiri wake shauri jema. Mwaka 1915 Rockefeller mwana alikwenda mwenyewe Colorado, akaingia machimboni, akala na wachimbaji, akasikiliza mashauri yao. Safari ile ilisaidia kuliko karatasi zote, kwa kuwa lilikuwa tendo. Lakini jina la Bwana Lee halikusafika. Mwaka 1934 aliitwa tena kuhojiwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, safari hii kwa sababu alikuwa ameishauri kampuni kubwa ya madawa ya Ujerumani, IG Farben, wakati Hitler alipokuwa akitawala. Akafa mwaka huo huo, na hata leo vitabu vinavyomtaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hii hutaja na jina lile la upupu.

SIFA ILIYOTANGULIA KAZI

Tusije tukasema haya ni mambo ya mbali. Wazee wa Kongwa, Nachingwea na Urambo wameuacha mfano wetu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Watu wa Uingereza waliambiwa kwamba mafuta ya kula yatapatikana tele, na kwamba katika mwaka wa kwanza zitalimwa ekari 150,000. Mashine zilipofika Kongwa zikakuta miti migumu, mibuyu, mvua chache, na udongo ambao wakati wa kiangazi hukauka kama tofali. Ekari zilizopatikana mwaka ule zilikuwa 7,500 hivi.

Tangu hapo kila hesabu mpya ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia, na magazeti ya London yakafanya karanga kuwa neno la mzaha. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Kilichoharibu mpango ni ardhi, mvua na haraka. Lakini kilichozidisha aibu ni ahadi. Sifa ilipigiwa ngoma kabla kazi haijaanza. Lau wangesema tangu mwanzo, "Tunajaribu, na hili hatulijui bado," wangepata hasara ile ile ya mali, lakini wangesadikiwa walipoomba subira.

MAMBO YA KUSHIKA

Kutokana na habari hizi twaweza kutoa mashauri machache kwa mtu yeyote mwenye dhamana, awe chifu, mwalimu au karani.

La kwanza, tenda kabla ya kusema. Magazeti hayawezi kusafisha ambalo wewe hukulifagia. Ikiwa kisima kimechafuka, kifunge kwanza, ndipo utangaze kwamba kimefungwa.

La pili, walio karibu wasikie kwanza. Haifai mzazi apate habari ya kuumia kwa mtoto wake kutoka gazetini. Nenda kwa wenye msiba, kisha uite baraza, kisha umwambie mwandishi. Lakini mambo hayo matatu yafanyike upesi, kwani uvumi haungoji zamu yake.

La tatu, sema ujualo kwa hakika, na usilolijua useme hulijui. Kusema "Bado hatujui, tutawaambia siku ya Alhamisi" si aibu. Aibu ni kubahatisha leo na kujikana kesho. Tena ukiahidi Alhamisi, Alhamisi utoke useme, hata kama huna jipya.

La nne, hakikisha kabla ya kutia sahihi. Hapa ndipo alipoanguka Bwana Lee. Mtu akuleteapo maneno akisema, "Waandikie hivi," muulize, "Wewe umeona, au umeambiwa?" Jina lililo chini ya karatasi ni lako, na lawama itakuja kwako.

La tano, mheshimu mwandishi wala usimnunue. Mwandishi ana saa yake ya kupeleka habari, na ikipita ataandika bila neno lako. Mpe majina sahihi, hesabu sahihi, na mtu wa kumwuliza. Usimpe bahasha ya fedha, kwa kuwa anayeuza kalamu yake kwako leo ataiuza kwa adui yako kesho. Wala usimdai akuoneshe makala yake kabla haijachapwa kana kwamba wewe ndiwe mhariri. Akikosea, mwandikie mhariri barua fupi ya adabu, utaje kosa lenyewe na usahihisho wake, bila matusi.

La sita, sikiliza. Taarifa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni masikio. Swali linaloulizwa mara nyingi barazani laonesha mahali ambapo maelezo yako hayakufika.

MFANO WA TAARIFA

Tutoe mfano tuliobuni. Karani wa chama cha ushirika cha kahawa amefungua sanduku na kukuta fedha za wakulima zimepungua. Wengine katika kamati husema, "Tunyamaze mpaka mkaguzi aje, watu wasije wakapeleka kahawa yao kwa walanguzi." Lakini mlinzi anajua, na mke wa mlinzi anajua, na kesho soko lote litajua. Wakulima watasikia kwamba fedha zote zimeibwa, nao watakwenda kwa walanguzi mbio zaidi. Basi taarifa iandikwe siku hiyo hiyo, isomwe barazani, ibandikwe ukutani, na nakala ipewe mwandishi:

"Jumatatu asubuhi kamati ilipohesabu fedha za chama iliona upungufu wa shilingi 612,000. Fedha nyingine zote zipo na zimepelekwa benki. Polisi wamearifiwa siku hiyo hiyo, na mkaguzi wa hesabu ameitwa. Hatujui bado fedha zilitokaje. Malipo ya wakulima ya wiki hii yatatolewa Ijumaa kama kawaida. Tangu leo sanduku litafunguliwa kwa funguo mbili, zitakazoshikwa na watu wawili. Tutatoa taarifa nyingine Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, hapa ofisini. Mwenye swali amwone mwenyekiti."

Tazama jinsi taarifa hii ilivyo fupi. Imetaja lililotokea, lililobaki salama, lisilojulikana, lililofanywa, na siku ya neno lingine. Haikumtaja mtu yeyote kuwa mwizi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mahakama. Haikumlaumu wala kumsifu mtu. Na mkulima akiisoma ajua jambo alilotaka kujua kuliko yote: kwamba Ijumaa atalipwa. Lakini kamati ikumbuke kwamba Ijumaa hiyo ikipita bila malipo, taarifa nzima imegeuka uongo, na ya pili haitasomwa na mtu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Chama, shule na nchi huumbuliwa vivyo hivyo. Mwenye dhamana hawezi kuzuia kila msiba, lakini aweza kuchagua kama watu wake watausikia kwa kinywa chake au kwa kinywa cha mpita njia. Akiwaambia kweli siku ya msiba, watamsikiliza na siku nyingine atakapowaambia, "Msiogope."

MASWALI

Walimu waweza kuyatumia maswali haya darasani au katika mikutano ya wasomaji.

1. Kwa nini kukanusha peke yake hakukutosha kuondoa uvumi wa mumiani?

2. John Mitchell na George Baer walitofautianaje katika kuwapokea waandishi, na kila mmoja alipata nini?

3. Bwana Lee alivunja kanuni ipi ya mwaka 1906 alipoandika habari za Colorado?

4. Upepo umeezua paa la shule yenu usiku, na mtoto mmoja wa mlinzi ameumia mguu. Andika taarifa isiyozidi maneno 100. Kisha sema ni nani atakayeisikia kwanza.